Mama, Bibi ataota lini?

Jumamosi Kuu jioni mvua ilikuwa imekatika kidogo pale Tukuyu. Watu wazima walikuwa jikoni na barazani, huyu anachambua mchele wa sikukuu, yule anatafuta mahali pa kuchaji simu. Ilipokaribia saa kumi na mbili, mama mmoja aligundua kwamba binti yake wa miaka mitano hayupo na watoto wenzake. Alizunguka nyuma ya nyumba akamkuta kwenye migomba, amechuchumaa pembeni ya kaburi la bibi yake, mkononi ana kopo la maziwa ya unga. Alikuwa anamwagilia.

Udongo wenyewe ulikuwa chapachapa. Rungwe mwezi wa nne haina haja ya mtu wa kumwagilia chochote. Lakini mtoto alichota tena maji kwenye ndoo iliyokingwa chini ya paa, akayamimina taratibu kuzunguka msalaba wa mbao, kisha akauliza kama anayeuliza chakula kitaiva saa ngapi: "Mama, Bibi ataota lini?"

Bibi alizikwa mwanzoni mwa Kwaresima. Siku ya mazishi, ndugu mmoja mwenye huruma alimwona mtoto analia, akampakata na kumwambia anyamaze, kwa sababu Bibi hajafa, amepandwa kama mbegu. Ni maneno mazuri, na asili yake imo katika Biblia. Mtoto alinyamaza. Wiki sita baadaye alikuwa bado anasubiri.

Mama alitoa jibu lililomjia kwanza. "Bibi amelala, mwanangu. Twende ndani, kuna baridi."

Kiswahili nacho hakikumsaidia hapo, maana mbegu huota na aliyelala naye huota. Usiku ule mtoto alikataa kabisa kufumba macho. Alitaka taa iwake, alishika kanga ya mama yake kwa mikono miwili, na kila alipoanza kusinzia alishtuka. Siku kadhaa zilipita kabla hajasema kilichokuwa kinamtisha: Bibi alilala, watu wakamfukia. Yeye je, akilala?

Yaliyotokea katika familia hiyo, inayoishi Kimara, Dar es Salaam, na iliyokwenda kula Pasaka kijijini, hutokea katika nyumba nyingi. Mara nyingi mtoto haulizi kwa sauti, basi wazazi hudhani amesahau. Pasaka ikifika, kifo kinatajwa kila mahali: msalaba Ijumaa Kuu, kaburi Jumapili, nyimbo za kufufuka. Mtu mzima anasikia habari njema. Mtoto aliyefiwa anasikia kwamba waliozikwa hutoka, na anataka kujua zamu ya bibi yake ni lini.

Alfajiri ya siku iliyofuata familia hiyo ilikwenda makaburini na usharika wao wa Moravian. Wamoravian wana ibada hii sehemu nyingi duniani. Ilianzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, pale vijana wa kanisa walipopanda kilima penye makaburi kabla ya jua kuchomoza siku ya Pasaka, wakaimba katikati ya ndugu zao waliolala humo. Wamisionari wa kanisa hilo walifika Rungwe mwaka 1891. Kwa Kijerumani, makaburi yao huitwa kwa neno la zamani ambalo maana yake ni shamba la Mungu. Kwa hiyo ndugu yule wa siku ya mazishi hakubuni kitu. Wazo kwamba wafu ni mbegu iliyo ardhini lina umri mkubwa, na limebeba huzuni za watu wengi.

Katika Injili ya Yohana, Yesu anazungumza juu ya punje ya ngano ambayo lazima ianguke katika udongo ndipo izae. Ni Yohana pia anayetueleza kwamba mahali pale pa msalaba palikuwa na bustani, na kaburi jipya lilikuwa humo humo, na kwamba Maria Magdalena, asubuhi ile, alimwona Yesu akadhani ni mtunza bustani. Naye Paulo, akiwaandikia Wakorintho, aliwajibu waliouliza wafu watafufuka na mwili wa namna gani, akawarudisha shambani: unachofukia ni punje tupu, kinachotoka ni kitu kingine kabisa.

Huko Yerusalemu, msimu wa Pasaka ni majira ya kuchipua. Mvua zinakwisha, maua ya porini yamefunguka, na shayiri iko tayari kuvunwa. Ndiyo maana Paulo anamwita Kristo limbuko, yaani mavuno ya kwanza yaliyopelekwa mbele za Mungu. Ulaya nako Pasaka huangukia wakati miti inatoa majani baada ya baridi. Sisi hatuna majira hayo, lakini tuna masika. Pasaka ya makanisa mengi hapa nchini huwa kati ya Machi 22 na Aprili 25, na hapo ndipo mvua inapowafuata watu mpaka mlangoni. Mwenye kiraka cha udongo anapanda, na asiye nacho anaotewa na magugu bila kuomba.

Mtoto aliyezaliwa hapa, basi, ana kila sababu ya kuamini kwamba kinachofukiwa mwezi wa nne huota.

Mwaka 1948 mtafiti aitwaye Maria Nagy alichapisha matokeo ya mazungumzo yake na watoto wa Hungaria kuhusu kifo. Wale wadogo kabisa, wa miaka mitatu hadi mitano, walikiona kifo kama safari au usingizi: aliyekufa yupo mahali, anaishi kwa namna nyingine, na pengine atarudi. Tafiti zilizofuata zimerekebisha baadhi ya mambo aliyoyasema, lakini hilo limesimama. Watoto wengi huanza kuelewa kifo sawasawa kati ya miaka mitano na saba.

Kuelewa sawasawa maana yake ni kushika mambo manne. La kwanza, aliyekufa harudi nyumbani. La pili, mwili wake haufanyi kazi tena, kwa hiyo hasikii baridi ya udongo, hana njaa, wala haumii. La tatu, kila kilicho hai hufa siku moja. La nne, kifo kina sababu, na sababu hiyo si hasira ya mtoto wala kosa lake. Hili la nne wazazi hulisahau sana. Mtoto mdogo hudhani mawazo yake yana nguvu ya kufanya mambo yatokee. Kama aliwahi kumnunia Bibi kwa kunyimwa pipi, anaweza kukaa na hatia hiyo moyoni bila mtu yeyote kujua.

Sasa tazama maneno tunayowapa. Bibi amelala. Bibi amesafiri. Bibi ametutoka. Bibi amechukuliwa na Mungu kwa sababu alikuwa mwema. Bibi amepandwa. Kwa mtu mzima yote ni lugha ya adabu, na msibani adabu inahitajika. Kwa mtoto wa miaka mitano kila moja ni taarifa. Aliyelala ataamka. Aliyesafiri atarudi, na kama harudi basi ametutupa. Mungu anachukua watu wema, kwa hiyo heri kuwa mtukutu. Aliyepandwa anahitaji maji.

Muuguzi wa kliniki ya watoto, ambaye mama yule alimweleza habari ya usingizi wa binti yake baada ya kurudi Dar es Salaam, alimpa ushauri mfupi: mwambie Bibi amekufa. Tumia neno hilohilo. Mweleze kwamba alikuwa mgonjwa sana, kwamba kuna magonjwa madogo kama mafua, ambayo tunapona, na magonjwa makubwa sana ambayo wakati mwingine mwili hushindwa. Mweleze kwamba kulala ni kitu kingine, anayelala anapumua na asubuhi anaamka. Kisha nyamaza umsikilize.

Mama alisema anaogopa kwamba akisema hivyo atakuwa anamfundisha mtoto kutoamini ufufuo. Hofu hiyo wanayo wazazi wengi Wakristo, na inastahili heshima. Lakini Pasaka yenyewe haikuruka Ijumaa. Yesu wa Injili ya Yohana alifika kwa Lazaro akijua atakachokifanya, na bado alitokwa machozi kabla ya kufika kaburini. Hakuwaambia dada za marehemu kwamba hakuna aliyekufa. Na katika masimulizi yote manne ya Injili, walioamka mapema Jumapili kwenda kaburini walikwenda wakijua wanaemfuata ni maiti. Imani inayomwambia mtoto kwamba Bibi atafufuliwa na Mungu haipungukiwi chochote ikianza kwa kukiri kwamba Bibi amekufa. Inapungukiwa pale mtoto anapogundua, wiki baada ya wiki, kwamba aliahidiwa kitu kisichotokea.

Kabla ya kuondoka Tukuyu, Babu alikuwa amempa mjukuu wake chupa ndogo ya plastiki. Ndani mlikuwa na maharage ya mbegu ambayo Bibi mwenyewe aliyachagua na kuyachanganya na majivu ili yasibunguliwe. Babu hakusema mengi. Alisema tu, "Haya ya bibi yako. Kapande." Mtoto aliishika chupa ile zaidi ya kilometa 800, kwenye basi, akikataa isiingizwe kwenye begi.

Jumamosi ya wiki ileile ya Pasaka waliandaa bustani. Neno bustani hapa ni kubwa kuliko kitu chenyewe: kipande cha uwani cha hatua nne kwa tatu, kati ya ukuta na tangi la maji, pamoja na viroba viwili vya zamani vilivyojazwa udongo. Baba alilima, mama akachanganya samadi ya kuku iliyokwisha kuoza. Walinyanyua matuta juu kidogo, kwa sababu masika ya Dar es Salaam hayaui mboga kwa kiu, yanaiozesha mizizi. Upande mmoja walimwaga mbegu za mchicha. Ni ndogo kama vumbi, hivyo huchanganywa na mchanga mkavu ili zisirundikane, na hufunikwa na udongo mwembamba tu. Upande wa pili walichomeka vipande vya matembele walivyopewa na jirani. Maharage ya Bibi yalipata kiroba chake peke yake. Yalikuwa sita.

Mama alijua kwamba maharage ya nyanda za juu hayapendi joto la Pwani. Huota, hukua, kisha hupukutisha maua. Angetaka mavuno angepanda kunde. Lakini si kila kinachopandwa kinapandwa kwa ajili ya sufuria.

Ambacho mama hakukijua ni kwamba mtoto, alipopewa nafasi ya kufukia maharage yake, alifukia na kitu cha saba. Kilikuwa kifungo cha kahawia, kilichodondoka kwenye sweta la Bibi siku moja kijijini, ambacho alikuwa amekihifadhi kwenye soksi.

Wazazi wanaotaka kufanya kazi hii na watoto hawahitaji vifaa, ila wanahitaji tahadhari kidogo. Mtoto avae viatu, hata kama ni kandambili, kwa sababu mabuu ya minyoo ya safura hupenya kwenye ngozi ya mguu, na minyoo hiyo hufyonza damu mpaka mtoto akapungukiwa nayo. Baada ya kazi, mikono ioshwe kwa sabuni na kucha zisuguliwe. Udongo wenye samadi unaweza kuwa na vimelea vya pepopunda. Kinga yake imo katika chanjo ya pentavalenti, ambayo mtoto hupewa akiwa na wiki 6, 10 na 14, kwa hiyo mwenye kadi yenye mapengo aende nayo kliniki, na aliyechomwa na msumari asiishie kupakwa majivu. Makopo, vifuniko na matairi yasiachwe yakusanye maji. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu wa dengi hutaga kwenye maji kidogo ya namna hiyo, hata ndani ya kisahani cha chini ya ua. Dawa za kuua wadudu hazina kazi kwenye tuta la mchicha la mtoto. Viwavi watolewe kwa mkono. Watoto wenyewe huipenda kazi hiyo kuliko zote.

Faida nyingine haionekani mara moja. Mtoto mwenye huzuni huongea zaidi mikono yake ikiwa na kazi. Mkalishe kwenye kochi umuulize anajisikiaje, atakuambia "vizuri" na macho yako kwenye katuni. Mpe mbegu ahesabu, na katikati ya kuhesabu atauliza kama Bibi ana blanketi kule chini.

Huzuni ya mtoto ni ya vipandevipande. Analia dakika tano, kisha anaomba mpira, na watu wazima huona kama hana habari. Anayo, ila hawezi kuibeba muda mrefu kwa mkupuo mmoja, hivyo huiweka chini na kuirudia. Anaweza kurudi kukojoa kitandani wakati alishaacha. Anaweza kulalamika tumbo linauma kila asubuhi ya shule, kumng'ang'ania mzazi, au kucheza mchezo wa mazishi na wanasesere. Mchezo huo huwakera bibi na shangazi, ambao hudhani ni uchuro. Mwacheni acheze, ndivyo anavyofikiri.

Siku ya sita maharage mawili yalikuwa yametoka juu, yameinama kama mtu anayenyanyuka na mzigo. Mtoto alipiga kelele mpaka jirani akachungulia ukutani. Siku ya nane yalikuwa manne. Kisha akauliza mbona kifungo bado.

"Kifungo gani?"

Ndipo alipofukua kwa kidole na kukitoa. Pembeni yake alitoa pia harage moja kati ya mawili yaliyokuwa hayajatokeza. Lilikuwa limevimba, limepasuka ganda, na kijimzizi cheupe kimeanza kutafuta njia. Kifungo kilikuwa vilevile, kahawia, na tundu zake nne zimejaa udongo.

Mama alisema baadaye kwamba katika muda wote wa msiba ule, hapo ndipo alipotaka kukimbia. Lakini swali lilikuwa limefika lenyewe, na majibu yote yalikuwa kwenye kiganja cha mtoto. Alichuchumaa. Alimwonyesha kwamba ndani ya harage kuna mche mdogo uliokuwepo tangu mwanzo, pamoja na chakula chake, na kwamba harage halikuwa limekufa, lilikuwa linangoja maji. Kifungo hakina mche ndani. Hata kingekaa mwaka mzima kisingeota.

"Na Bibi?"

"Bibi amekufa. Mwili wake haungoji maji. Hawezi kuota kwenye udongo kama harage."

Mtoto alikitazama kifungo. Mama aliendelea, na hapa alisema polepole, maana hakutaka kukosea mara ya tatu: wao kama familia wanaamini kwamba Mungu atamfufua Bibi, kama alivyomfufua Yesu. Si kwa sababu Bibi ni mbegu. Ni kwa sababu Mungu anampenda na anaweza. Siku hiyo hawaijui. Si kesho, wala si Pasaka ijayo, na mpaka siku hiyo ifike hawatamwona, na ndiyo maana wanalia.

Mtoto alilia. Alilia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi, kwa sababu siku ile alinyamazishwa. Mama hakumwambia anyamaze. Alikaa naye chini kwenye udongo mpaka gauni lake likalowa, naye akalia, na baba aliyetoka ndani kuuliza kuna nini aliwaona akarudi kimya kuzima jiko.

Usiku ule taa ilizimwa. Hatuwezi kusema kila kitu kiliisha. Wiki iliyofuata mtoto alikojoa kitandani mara mbili, na siku moja shuleni alimwambia mwalimu kwamba mama yake naye atakufa. Ni swali lililovaa nguo ya taarifa. Jibu lake la kweli ni kwamba mama anatarajia kuishi miaka mingi na kumlea, na kwamba lolote likitokea wapo baba, Babu na shangazi. Ahadi kwamba mama hatakufa kamwe usiitoe, hata kama mtoto anaibembelezea.

Kuna wakati bustani na mazungumzo havitoshi. Mtoto anayekataa kula kwa siku kadhaa, anayeacha kabisa kucheza, anayekuwa mkali kuliko kawaida kwa wiki nyingi, au asiyelala mpaka afya yake inashuka, apelekwe kituo cha afya. Anayesema anataka kufa ili amfuate aliyetangulia asichukuliwe kama anatania, hata akiwa mdogo. Apelekwe siku hiyohiyo. Namba 116, ambayo ni ya bure, hupokea simu za watoto na za wazazi wenye wasiwasi kuhusu watoto.

Wanaofundisha Shule ya Jumapili nao wanahusika hapa. Somo la punje ya ngano ni tamu kulifundisha kwa kopo na pamba, na litaendelea kufundishwa, na lifundishwe. Lakini mwalimu aangalie darasani nani amefiwa mwaka huu. Kwa mtoto huyo, mfano hautangulii. Kwanza aambiwe kilichotokea kwa maneno ya kawaida, na mfano uje baadaye, ukiwa na mpaka wake wazi. Paulo mwenyewe aliwapa mfano wa mbegu watu wazima waliokuwa wanabishana juu ya ufufuo, si mtoto wa miaka mitano aliyeshika kopo la maji.

Makanisa yanayofuata kalenda ya Kanisa huhesabu Pasaka kuwa siku 50, kutoka Jumapili ya Ufufuo hadi Pentekoste, siku 10 zaidi ya zile 40 za Kwaresima. Kwaresima wengi huihesabu, lakini Jumatatu ya Pasaka ikipita, mapambo hushushwa na watu hurudi kazini kana kwamba jambo limekwisha. Kwa mtu mwenye msiba, huo ni muda mfupi mno wa kupata furaha. Siku 50 zinatosha kwa mambo mengine. Mchicha huwa tayari kwa wiki tatu au nne. Matembele yaliyochomekwa Pasaka huwa yameanza kutambaa kabla ya Pentekoste.

Mchicha wa Kimara ulichumwa siku moja kabla ya Kupaa. Ulipikwa na nyanya na nazi, na pembeni kulikuwa na limau la kukamulia, kwa sababu uchachu huo huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye mboga za majani. Chai ilisogezwa mpaka baadaye, maana chai hufanya kinyume. Mama alitegemea kwamba mtoto aliyepanda mwenyewe atakula mwenyewe. Mtoto alikula vijiko viwili akasema mchicha haupendi, wala hajawahi kuupenda.

Kifungo kiliwekwa kwenye kopo la sindano na nyuzi. Maharage yalikuwa yamefika kwenye goti la mtoto, majani mapana, na ua moja moja ambalo pengine lingedondoka.

Jioni ile Babu alipiga simu kutoka Tukuyu. Mtoto alinyang'anya simu kabla mama hajasalimia.

"Shikamoo Babu. Babu, Bibi amekufa."

Upande wa pili palikuwa kimya. Mama alinyoosha mkono kuchukua simu, mtoto akageuka kumpa mgongo.

"Amekufa, hawezi kuota. Lakini maharage yake yameota."

"Marahaba, mjukuu wangu," Babu alisema baada ya muda. "Mangapi?"

"Manne."